Kondoo wa Baba na Wito wa Mungu

SOMO LA WIKI
Masomo: 1 Samweli 16:1-13; 1 Samweli 17:12-40; Luka 2:41-52; 1 Wafalme 19:19-21; Marko 7:9-13
Wazo kuu: Mungu huweka kipawa ndani ya mtu bila kuitisha mkutano wa familia. Lakini mtu mwenye wito wa kweli haitupi familia yake ili aufuate.



Kuna swali ambalo vijana wa kanisa hili huniuliza chini chini, wakishaona wazazi wameondoka. Wanangoja ibada iishe, wanazungukazunguka pale mlangoni, halafu mmoja anasema: "Mchungaji, kama najua Mungu ameweka kitu ndani yangu, na nyumbani hawataki hata kusikia, nifanyeje?" Mmoja anataka kuwa fundi na nyumbani wanataka mwalimu. Mwingine anapenda ualimu na nyumbani wanataka daktari. Kuna hata aliyeniambia baba yake ni mchungaji, anataka amrithi madhabahu, na yeye moyo wake uko kwa ukulima.

Na wazazi nao huja. Wao huja mchana, tena ofisini, wakiwa wamekasirika. "Mchungaji, ongea na huyu mtoto. Tumeuza ng'ombe tukamsomesha, sasa ati anataka kupiga picha za harusi."

Jumapili iliyopita tulifungua Neno kwa ajili ya pande zote mbili. Ukiwa kijana, usisome sehemu ya wazazi ukapiga makofi. Ukiwa mzazi, usikate ile sehemu ya vijana ukaibandike ukutani. Kila mtu abebe mzigo wake.

1. KIPAWA CHA MKONO NI CHA MUNGU PIA

Wengi wetu tukisikia neno wito tunafikiria mtu ameshika maikrofoni. Hebu soma Kutoka 31:1-6. Mungu anamwambia Musa kwamba amemchagua Bezaleli kwa jina lake, akamjaza Roho. Kwa kazi gani? Kuchonga mbao, kukata mawe, kufua dhahabu, fedha na shaba. Rudi nyuma kidogo, Kutoka 28:3, utakuta Mungu anazungumzia mafundi wa nguo. Hao watakaoshona mavazi ya Haruni, yeye mwenyewe ndiye aliyewajaza hekima ya kazi hiyo.

Sisi Wapentekoste tunapenda sana kusema habari za kujazwa Roho, na ni sawa. Lakini Roho yule yule alijaza fundi wa mbao na fundi wa cherehani. Kwa hiyo mtoto wako akisema moyo wake uko kwa useremala, usimwangalie kama mtu aliyerudi nyuma kiimani. Pengine ndiye Bezaleli, na wewe unatafuta Musa wa pili.

Mwambie jirani yako: usidharau mkono ambao Mungu ameujaza.

2. NYUMBANI KUNAWEZA KUKUSAHAU

Samweli alifika Bethlehemu kumpaka mafuta mfalme. Yese akapitisha wana saba, mmoja baada ya mwingine. Wa nane hakuitwa. Si kwamba alikuwa safarini, alikuwa pale pale karibu akichunga kondoo. Baba mzazi alipanga foleni ya warithi wa kiti na hakukumbuka kumweka mtoto wake mmoja.

Je, Yese alimchukia Daudi? Biblia haisemi hivyo. Alikuwa tu na picha yake kichwani: mfalme ni mtu mrefu, mzaliwa wa kwanza, mwenye sura ya uongozi. Hata Samweli, nabii mzima, alimwona Eliabu akadhani ndiye. Kama nabii alikosea kwa macho, si ajabu baba na mama wakakosea.

Wazazi wengi wana picha, na picha hiyo mara nyingi imechorwa na woga. Mama aliyelala njaa anaona mshahara wa kila mwezi kuwa ndio wokovu wa mtoto wake. Baba aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo anataka mtoto amalizie pale alipokatwa yeye. Kijana, kabla ya kusema wazazi wako ni adui wa wito wako, uliza wanaogopa nini. Ukishajua wanachoogopa, utajua namna ya kuongea nao.

3. SIMBA NA DUBU WAKO NI NANI?

Sasa nigeukie vijana, na leo sitawabembeleza. Si kila kitu unachokipenda ni wito. Vingine ni hamu ya kupita. Umeona video tatu kwa simu, wiki hii wewe ni mwanamuziki. Wiki ijayo ni biashara ya mitumba. Mwezi ujao unataka kwenda ng'ambo. Halafu baba akiuliza maswali unasema anazuia kusudi la Mungu. Anazuia kusudi gani, na wewe mwenyewe hujalijua?

Daudi aliposimama mbele ya Sauli, alitoa ushahidi. Alisema amewahi kupigana na simba na dubu waliokuja kunyakua kondoo. Hakuna aliyekuwa akimpigia makofi kule malishoni, na hakuna aliyemlipa. Kazi ilifanyika gizani kabla ya kuonekana mbele ya watu.

Kwa hiyo jipime kwa maswali haya manne:

a) Je, ninaifanya kazi hii hata wakati haina pesa wala sifa?
b) Je, kuna matunda? Kuna mtu amefaidika nayo, au ni mimi tu ninayejisifu?
c) Je, watu wanaomcha Mungu, ambao si marafiki zangu wa karibu, wanaiona pia?
d) Je, niko tayari kufundishwa, kukosolewa, na kuanza chini?

Ukijibu ndiyo kwa yote manne, una jambo la kupeleka mezani kwa baba. Ukishindwa, usikate tamaa. Rudi malishoni, dubu bado hajaja.

4. DAUDI HAKUWATUPA KONDOO

Hapa ndipo wengi wetu tunaruka mistari. Soma 1 Samweli 17 polepole. Daudi hakutoroka nyumbani kwenda vitani. Alitumwa na baba yake apeleke chakula kwa kaka zake: bisi na mikate kumi, na jibini kumi za yule jemadari. Mstari wa 20 unasema aliamka asubuhi mapema na kondoo akamwachia mlinzi. Mstari wa 22, mizigo nayo akaiacha mikononi mwa mtunza vyombo, ndipo akakimbia kuwaona kaka zake.

Kisha Eliabu akamkasirikia mbele za watu, akimuuliza ni nani aliyebaki na vile vikondoo vichache, na kumwambia ana kiburi. Hayo maneno yanauma, hasa yakitoka kwa kaka mkubwa. Lakini Daudi alikuwa na jibu hata kama hakulitoa: kondoo walikuwa na mlinzi. Hakuna aliyeweza kumshika kwa uzembe. Hakupigana na Eliabu. Aligeuka, akaendelea na lile lililomleta. Nguvu zake alizitunza kwa Goliathi.

Vijana, ukitaka nyumbani wakusikilize, hakikisha kondoo wana mlinzi. Kama umepewa kazi ya kukamua ng'ombe, kamua. Kama kuna mtihani umebaki muhula mmoja, maliza. Kama ni wewe unayesaidia wadogo zako karo, usiamke siku moja uache kazi ukasema Bwana amesema. Panga. Wito usiopanga humwaibisha Mungu aliyeuweka.

Tena angalia, baada ya kupakwa mafuta Daudi alirudi kwa kondoo. Sauli alipomtafuta, ujumbe uliotumwa kwa Yese ulisema amlete yule aliye na kondoo (16:19). Mafuta kichwani, fimbo ya mchungaji mkononi. Kuna msimu kama huo, na si aibu.

Na Bwana wetu je? Akiwa na miaka 12 alijua tayari kwamba mahali pake ni kwa Baba yake. Mariamu na Yusufu walimtafuta siku tatu, na hawakulielewa jibu lake. Wangapi wetu tungesema, "Basi nimeshajua wito wangu, kwaherini"? Luka anasema alishuka nao Nazareti akawatii. Alipoanza huduma alikuwa na umri wa miaka kama 30. Hiyo ni karibu miaka 18 nyumbani na wazazi ambao hawakuelewa kila kitu.

Lakini usikose upande wa pili. Wakati wake ulipofika, aliondoka. Katika Marko 3 jamaa zake walikuja kumshika wakidhani amerukwa na akili, naye hakuifunga huduma akarudi nao. Kuna kungoja na kuna kuondoka. Hekima ni kujua saa.

5. NAMNA YA KUAGA

Elisha anatufundisha kuaga. Eliya alimkuta akilima na jozi 12 za ng'ombe. Hiyo si nyumba ya maskini, ni nyumba ambayo ilimtarajia arithi shamba. Alipoitwa, aliomba kwanza akambusu baba yake na mama yake. Halafu akachinja ng'ombe wake wa kulimia, akaipika nyama kwa kuni za vile vyombo vya kulimia, akawalisha watu. Ndipo akafuata.

Ona mpangilio. Hakuondoka usiku. Hakuacha barua chini ya mto. Aliaga, akalisha watu, na kwa kuchoma jembe alionyesha kwamba hachezi. Na alipofika kwa Eliya hakupewa cheo. Kazi iliyomtambulisha ilikuwa kummiminia Eliya maji ya kunawa (2 Wafalme 3:11). Mtoto wa jozi 12 anashika birika! Ukitaka kufuata kipawa chako, uko tayari kushika birika?

Ukienda kuongea na wazazi, enda na heshima na mpango. Chagua wakati, si wakati baba ametoka shambani amechoka. Kama kwenu jambo zito hupitia kwa mjomba au shangazi, pitia huko. Anza kwa kushukuru kwa yale waliyotoa, uyataje moja moja. Halafu sema unachotaka kufanya, nani atakufundisha, itagharimu kiasi gani, na utajilisha vipi ukingoja. Omba muda maalum: "Baba, nipe mwaka mmoja, halafu tukae tena." Mzazi anaweza kukataa ndoto, lakini si rahisi akatae mpango wenye tarehe.

6. USIFANYE WITO KUWA KORBANI

Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliokuwa wakisema mali yao ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama. Neno lilikuwa la kidini sana, lakini kazi yake ilikuwa kukwepa jukumu. Siku hizi hatusemi korbani, tunasema "niko katika msimu wa kusudi langu." Mama anaumwa nyumbani, simu haishikwi, na mtoto yuko katika msimu.

Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, katikati ya kazi kubwa kuliko zote, alimkabidhi mama yake kwa yule mwanafunzi aliyempenda (Yohana 19:26-27). Na Daudi, yule aliyesahauliwa malishoni, alipokuwa akikimbia Sauli alifanya nini? Aliwapeleka baba na mama yake kwa mfalme wa Moabu wakae salama (1 Samweli 22:3-4). Hakusema, "Siku ya mafuta hamkuniita." Wito wa kweli hauna kisasi.

7. KWA WAZAZI: MIMI NILIKUWA YESE

Sasa nitoe ushuhuda, na si ushuhuda wa kujisifu. Mke wangu na kijana wangu wamenipa ruhusa kuusema.

Kifungua mimba wangu alipenda mbao tangu akiwa mdogo. Kuku wetu walikuwa na nyumba yenye mlango wa kuteleza, kazi ya mtoto wa darasa la saba. Alipopata B katika KCSE, nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa na kusema mwanangu atasoma mambo ya biashara chuo kikuu, afanye kazi benki. Yeye alisema siku moja, mezani, kwamba angependa chuo cha ufundi. Nilimjibu, "Mtoto wa mchungaji hatabeba msumeno." Hakusema tena. Mimi nikadhani amekubali. Kumbe nilikuwa nimefunga mlango.

Tulifanya harambee. Mwaka wa tatu pesa zilipoisha, ndugu yangu aliuza fahali wake. Mwaka wa nne nikaanza kupanga sherehe: nimekodi matatu mbili, nimeagiza mbuzi. Orodha ya wanaofuzu ilipotoka, jina lake halikuwemo. Aliacha masomo mwanzoni mwa mwaka wa tatu. Zile pesa za fahali alinunulia vifaa na kumlipa fundi aliyemfundisha katika karakana mjini. Miaka miwili alinidanganya kwa simu kila Jumapili jioni.

Sitaficha, alikosa. Uongo ni dhambi hata kama ndoto ni nzuri, na pesa za ami yake hazikuwa zake. Lakini mimi nilikaa miezi minane bila kumsemesha, huku nikihubiri upatanisho hapa hapa.

Juma moja nilikuwa natayarisha mahubiri ya 1 Samweli 16. Nikafika pale Samweli anauliza kama wana wote wamekwisha. Nikashindwa kuendelea kuandika. Nilikuwa na mtoto malishoni, na mimi ndiye niliyekataa kumwita.

Siku iliyofuata nilipanda matatu hadi pale karakana. Nilimkuta akipiga msasa kitanda, vumbi hadi kwa kope. Aliponiona alizima redio, akaniletea kiti, akasimama mikono nyuma kama mtoto wa shule. Akasema, "Baba, nisamehe kwa uongo." Nilikuwa nimepanga hotuba, nikaisahau yote. Nikamwambia, "Na wewe unisamehe kwa kukufunga mdomo." Tukalia pale, mafundi wengine wakijifanya hawaoni.

Nisiwadanganye kwamba sasa ni tajiri. Kuna miezi kazi ni chache, na Januari watu hawanunui vitanda. Ile pesa ya fahali anamlipa ami yake kidogo kidogo, bado haijaisha. Lakini tunaongea. Na madawati wanayokalia watoto wetu wa shule ya Jumapili, ni yeye aliyeyatengeneza. Mimi niliyesema hatabeba msumeno ndiye niliyemshikia mbao.

Wazazi, Mithali 22:6 inatuagiza kumlea mtoto katika njia inayompasa yeye. Haisemi njia iliyonishinda mimi, wala ile itakayonipa heshima kwa majirani. Mwaka huu kuna watoto wetu walio Gredi ya 9 watakaochagua njia ya kufuata katika shule ya upili: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Wengine wanangoja kuchagua kozi za chuo. Kabla ya kujaza chochote, keti na mtoto, nyamaza, na umuulize swali la Samweli kwa njia nyingine: kuna kitu ndani yako ambacho bado sijakiita? Una haki ya kuongoza. Una haki ya kuuliza juu ya pesa, tabia na mpango. Lakini usifunge mlango hadi mtoto aone uongo ndio dirisha pekee.

8. USIFUNGE MLANGO

Labda wewe umeshafanya yote. Umeheshimu, umepanga, umeaga vizuri, na nyumbani bado hawataki. Msikilize Yohana 7:5: ndugu zake Yesu hawakumwamini. Sasa fungua Matendo 1:14, kule ghorofani, watu wakingoja Roho Mtakatifu kabla ya Pentekoste. Ni nani wametajwa? Mariamu mama yake Yesu, na ndugu zake. Wale waliodhani ameharibikiwa akili sasa wamepiga magoti. Hata kaka zake Daudi na nyumba yote ya baba yake waliposikia yuko pangoni Adulamu, walimshukia huko (1 Samweli 22:1).

Inachukua muda. Endelea kupiga simu nyumbani. Endelea kutuma kile kidogo. Fanya kazi yako vizuri hadi iseme yenyewe. Na wakikujia siku moja, wakute mlango haujafungwa. Amina.

YA KUFANYA WIKI HII
Kijana: andika kwa karatasi majibu ya yale maswali manne ya sehemu ya 3. Mwonyeshe mtu mmoja mzima wa kiroho, asiye rafiki yako wa kila siku.
Mzazi: tenga jioni moja, simu na televisheni zizimwe, umsikilize mtoto mmoja bila kumjibu hadi amalize.
Mtu mzima uliyefungiwa mlango zamani: wasamehe wazazi wako kwa jina, hata kama wamelala. Kisha uangalie usiwe unawafungia wanao mlango ule ule.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI
1. Kwa nini Daudi hakumjibu Eliabu kwa hasira? Sisi hujibu vipi?
2. Taja kazi ambayo katika kijiji chetu au mtaa wetu hudharauliwa, lakini tunaihitaji kila siku.
3. Kuna tofauti gani kati ya kutii wazazi na kuwaogopa?
4. Ni wakati gani "wito" hugeuka kuwa korbani? Toa mfano bila kutaja jina la mtu.

TUOMBE
Baba, wewe ulituumba kila mmoja kwa mkono wako. Wasaidie wazazi waone ulichoweka ndani ya watoto wao, na uwaondolee woga. Wape vijana uvumilivu wa kuchunga kondoo na ujasiri wa kuondoka saa yako ikifika. Palipo na uongo, lete ungamo. Palipo na kimya, rudisha maneno. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.